Mistari Kwenye Kreti ya Parachichi: Jinsi Code 128 Inavyoandika na Kujihakiki

Maneno haya niliyasema hapa Mbeya, kwenye kikao cha wasindikaji wadogo, viongozi wa vikundi vya wakulima na vijana wanaofanya kazi za stoo. Baada ya kikao wengi waliniomba zile hesabu kwa maandishi, kwa sababu ubaoni zilifutwa kabla hawajamaliza kunakili. Nimeandika kama nilivyosema.

Ndugu mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, na vijana mliokaa nyuma huko karibu na mlango, asanteni kwa kunipa nafasi. Wageni wetu wa Iringa na Njombe, kamwene.

Hii niliyoshika ni lebo niliyoibandua kwenye kreti ya parachichi. Ina mistari myeusi iliyosimama, mingine myembamba, mingine minene, na chini yake pameandikwa MB140627. Kwa kawaida tunasoma hayo maandishi ya chini na kuiachia mashine mistari. Leo naomba tufanye kinyume. Mistari hii ni maandishi kamili kama yale ya daftarini, na mtu mwenye rula, kalamu na hesabu za darasa la saba anaweza kuisoma. Wengine huita msimbomilia. Stoo tunaita bakodi, nami nitaita hivyo hivyo.

Kwanza niwaambie kwa nini nalijali jambo hili. Miaka ya nyuma nilikuwa mtunza stoo msaidizi kwenye kituo kimoja cha kufungashia matunda, upande wa Rungwe. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, printa ya lebo ikazima, na matunda yakaendelea kuingia. Tukaandika kwa kalamu. Pale kituoni namba zilikuwa na mpangilio huu: MB ni alama ya ghala, 14 ni kikundi, 06 ni mkulima ndani ya kikundi hicho, 27 ni kreti yake ya ishirini na saba. Mimi, kwa haraka, kreti kadhaa za mama mmoja nikaziandika 06 mbele na 14 nyuma. Zikawa za kikundi cha 06, mkulima wa 14. Mtu huyo alikuwepo, na malipo yakaenda kwake.

Yule mama alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja na daftari lake la mistari, lile la shule, ambamo alikuwa ameandika kila kreti na tarehe yake kwa penseli. Daftari lake lilikuwa sahihi. La kwetu ndilo lililokosea, na mkono uliokosea ulikuwa wangu. Alilipwa hatimaye, lakini ilichukua wiki nyingi, na msimu wa mbolea ulikuwa umeshapita.

Baada ya hapo nikataka kujua: printa ingekuwepo, kosa lile lingetokea? Jibu ndilo lililonifanya niache stoo na kuanza kazi ya kuchapa lebo, ambayo naifanya mpaka leo hapa Mwanjelwa. Jibu lenyewe lina sehemu mbili, nami nitafika huko. Kwanza tujifunze kusoma.

Aina za bakodi ni nyingi. Wazo lenyewe ni la Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopata hataza yake mwaka 1952. Woodland alisimulia kwamba alikuwa ameketi ufukweni Miami akifikiria alama za simu ya Morse, zile nukta na vistari. Akaziandika mchangani, kisha akazivuta kwa vidole kuelekea kwake, zikawa mistari mirefu. Tulipokuwa wadogo sote tumechora ardhini kwa vidole, kwa hiyo picha hiyo si ngeni kwetu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipopitishwa kwenye skana ya duka la vyakula katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Bakodi ile ya dukani ilikuwa ya tarakimu tu. Mwaka huohuo ikatokea nyingine, Code 39, iliyoweza kuandika herufi kubwa pia, lakini ilikula nafasi. Mwaka 1981 kampuni ya Computer Identics ikatoa Code 128, iliyobuniwa na Ted Williams. Hiyo ndiyo iko kwenye kreti hii, na ndiyo nitakayoieleza. Jina limetokana na uwezo wake wa kuandika herufi zote 128 za ASCII, ile orodha ya herufi za kompyuta: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama za uandishi, hata zile amri zisizoonekana za kompyuta.

Sasa tuchukue rula. Tafuta mstari mwembamba kuliko yote kwenye lebo. Upana wa mstari huo nauita uzi mmoja. Kila kitu kingine kinapimwa kwa nyuzi. Mstari mweusi unaweza kuwa na uzi 1, 2, 3 au 4, basi. Nafasi nyeupe kati ya mistari nayo ni uzi 1 hadi 4. Weupe ule si pengo la kupumzikia macho. Ni sehemu ya maandishi sawasawa na weusi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea tangu mwanzo.

Herufi moja ina mistari myeusi mitatu na nafasi nyeupe tatu, zikipokezana, na jumla yake ni nyuzi 11. Daima ni 11. Herufi M, kwa mfano, iko hivi: mweusi 1, mweupe 1, mweusi 3, mweupe 1, mweusi 2, mweupe 3. Jumlisheni: moja na moja mbili, na tatu tano, na moja sita, na mbili nane, na tatu kumi na moja. Herufi B ni 1, 3, 1, 1, 2, 3. Nayo ni 11.

Kuna sheria ya pili, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Ukijumlisha mistari myeusi peke yake lazima upate namba shufwa. M: 1 na 3 na 2 ni 6. B: 1 na 1 na 2 ni 4. Kwa kuwa 11 ni witiri, nyeupe lazima ziwe witiri. Kwa nini mtu ajibane hivyo?

Fikirieni wino. Mnajua karatasi ya bei nafuu inavyonyonya. Mstari uliokusudiwa uzi mmoja unavimba unakuwa uzi mmoja na nusu, na nafasi nyeupe iliyo jirani inabanwa inabaki nusu. Mashine ikipima mstari mmoja mmoja itadanganyika. Lakini ikipima kuanzia ukingo wa kushoto wa mstari mweusi mpaka ukingo wa kushoto wa mstari mweusi unaofuata, yaani mweusi pamoja na mweupe wake, na vivyo hivyo kutoka ukingo wa kulia mpaka ukingo wa kulia unaofuata, uvimbe unajifuta wenyewe. Tuchukue M iliyovimba: 1.5 na 0.5 ni 2, kama ilivyokuwa 1 na 1. Halafu 3.5 na 0.5 ni 4, kama 3 na 1. Halafu 2.5 na 2.5 ni 5, kama 2 na 3. Wino umemwagika kwa kila mstari na habari haijaguswa.

Hapo mtu makini atauliza: kwa kupima jozi tu, je, herufi mbili haziwezi kufanana? Chukueni M, kila mweusi muongezee uzi mmoja mzima na kila mweupe mpunguzie uzi mmoja. Jozi zinabaki vilevile. Lakini myeusi ni mitatu, kwa hiyo umeongeza nyuzi 3, na shufwa ukiiongezea 3 inakuwa witiri. Sheria inaikataa papo hapo. Ukisema uongeze nyuzi mbili mbili, utakuwa umeongeza 6, na hilo haliwezekani, kwa sababu jumla ya myeusi katika bakodi hii ni 4, 6 au 8 tu. Hakuna mbili katika hizo zinazopishana kwa 6. Kwa hiyo hakuna herufi mbili zinazoweza kuchanganywa na uvimbe wa wino. Kila nikilieleza hili natamani waliofikiria wangekuwa hapa tuwape mkono.

Na herufi zote ni ngapi? Hesabuni pamoja nami. Myeusi ikichukua nyuzi 4, nyeupe zinachukua 7: kuna njia 3 za kugawa 4 kwa mistari mitatu, na njia 12 za kugawa 7, zidisha upate 36. Myeusi 6 na nyeupe 5: njia 10 mara 6, ni 60. Myeusi 8 na nyeupe 3: njia 12 mara 1, ni 12. Jumla 108. Hakuna hata moja ya ziada, na zote 108 zina kazi. Zenye kubeba habari ni 103, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 102. Za kuanzia ni 3. Mbili zilizobaki ni alama ya kumalizia ikisomwa kutoka kushoto na ikisomwa kutoka kulia, na ndiyo sababu kijana wa stoo akiigeuza kreti juu chini skana bado inaelewa. Alama ya kumalizia huongezewa mstari mmoja mweusi wa nyuzi mbili wa kufunga mlango, hivyo yenyewe ina nyuzi 13.

Tumeona namba 103 za habari, lakini nilisema inaandika herufi 128. Zinatoshaje? Hapa lugha yetu inatusaidia. Mtu akisema "kaa", anaweza kumaanisha kaa la moto, kaa wa pwani, au anakuambia uketi. Unajua maana kwa kusikia kilichotangulia. Code 128 inafanya hivyohivyo. Alama ileile inaweza kuwa na maana hadi tatu kutegemea seti inayotumika, na alama ya kuanzia ndiyo inayotangaza seti. Seti A ina herufi kubwa, tarakimu na zile amri za kompyuta. Seti B ina herufi kubwa na ndogo na tarakimu. Seti C haina herufi kabisa: ndani yake kila alama ni tarakimu mbili kwa mpigo, kuanzia 00 hadi 99. Ile alama ya 1, 1, 3, 1, 2, 3 ni namba 45 kwenye orodha. Katika Seti B inasomeka M. Katika Seti C inasomeka arobaini na tano.

Seti C ndiyo siri ya ufupi wake. Tarakimu mbili kwa nyuzi 11 maana yake kila tarakimu imekula nyuzi tano na nusu. Code 39, kwa kila herufi au tarakimu, inakula 13 hadi 16 pamoja na pengo lake. Tuandike MB140627. Tunaanza na alama ya kuanzia ya Seti B, tunaandika M, tunaandika B, kisha tunaweka alama namba 99, ambayo katika Seti B maana yake ni "kuanzia hapa soma kwa Seti C". Halafu 14, halafu 06, halafu 27. Inafuata alama ya uhakiki, na ya kumalizia. Alama nane za nyuzi 11 ni 88, na 13 za kumalizia, jumla 101. Tungebaki Seti B mpaka mwisho zingekuwa 123. Kwa printa zetu za kawaida zenye doti 8 kwa milimita, uzi wa doti mbili ni robo milimita, kwa hiyo bakodi yetu ni milimita 25 na ushei. Code 39 ikichapwa kwa uwiano wa tatu kwa moja, yaani mstari mnene mara tatu ya mwembamba, ingefika karibu 40.

Kwa herufi mbili na tarakimu sita tofauti hiyo inavumilika. Kwa namba ndefu ni jambo jingine. Tarakimu 20, kama zile za lebo za paleti, lile jukwaa la kupangia mzigo unaosafirishwa, Seti B zinataka nyuzi 255, na Seti C 145. Kwa hiyo ukiona programu yako inatoa bakodi ndefu isiyoenea kwenye lebo, usikimbilie kuibana. Angalia kwanza kama inabadili seti. Kubadili seti kunagharimu alama moja, kwa hiyo kunalipa pale tarakimu zinapokuwa nne au zaidi mwanzoni au mwishoni, na sita au zaidi zikiwa katikati.

Sasa nimefika kwa yule mama na lile kosa langu.

Kabla ya alama ya kumalizia nimetaja alama ya uhakiki. Haiandikwi chini kwa maandishi ya kawaida, mashine ndiyo inayoiona. Inapatikana hivi. Chukua namba ya alama ya kuanzia. Ya Seti B ni 104. Kisha kila alama inayofuata izidishe kwa nafasi yake kwenye foleni: ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3. M ni 45, mara 1 ni 45. B ni 34, mara 2 ni 68. Alama ya kubadili seti ni 99, mara 3 ni 297. Kumi na nne mara 4 ni 56. Sita mara 5 ni 30. Ishirini na saba mara 6 ni 162. Jumlisha zote pamoja na 104: ni 762. Gawanya kwa 103. Inaingia mara 7, ambayo ni 721, na baki ni 41. Hiyo 41 ndiyo alama ya uhakiki, inachorwa pale mwishoni. Skana kila inaposoma inarudia hesabu yote, na ikipata tofauti na 41 inanyamaza. Haitoi mlio. Afadhali isome tena kuliko kukupa namba ya uongo.

Sasa fanyeni kosa langu. Wekeni 06 mbele na 14 nyuma. Sita mara 4 ni 24, kumi na nne mara 5 ni 70. Jumla inapanda kutoka 762 kwenda 770. Baki ni 49. Si 41. Kosa limekamatwa.

Mngekuwa mnajumlisha tu bila kuzidisha kwa nafasi, 14 na 06 au 06 na 14 jumla ingekuwa ileile, na kosa lingepita. Kule kuzidisha ndiko kunakoipa kila alama kiti chake. Ukihama kiti unaonekana. Na 103 ni namba tasa, haigawanyiki kwa kingine isipokuwa moja na yenyewe. Kwa ajili hiyo, kwa lebo za urefu tunaoutumia, alama moja ikisomwa vibaya, yoyote ile, au mbili jirani zikibadilishana, baki haiwezi kubaki ileile. Makosa mawili matatu kwa pamoja yanaweza kupenya kwa nadra. Lakini kosa moja, na kosa la kupishanisha jirani, ambayo ndiyo makosa ya kila siku, hayapiti.

Sehemu ya pili ya jibu ni hii, na lazima niiseme ili msije mkaitegemea bakodi kwa kazi isiyo yake. Uhakiki unalinda safari kutoka lebo kwenda kwenye kompyuta. Haulindi mkono unaoingiza namba kabla ya kuchapa. Ningekaa kwenye kompyuta siku ile na kuandika 0614, printa ingechapa 0614 kwa uaminifu mkubwa, ikapiga hesabu yake vizuri, na skana ingekubali. Na lebo ikichanika, kijana akaamua kuandika kwa vidole namba inayoonekana chini, shahidi yule wa mwishoni, yaani alama ya uhakiki, hayupo, maana hakuandikwa chini. Kwa hiyo vikundi ninavyovifanyia kazi nimewaomba mambo mawili. Lebo za mkulima zichapwe mwanzoni mwa msimu, zote, huku mkulima mwenyewe amekaa pembeni anatazama jina lake, siyo asubuhi ya kupokea matunda wakati watu wanasukumana. Na namba yenyewe ya mkulima iongezewe tarakimu moja ya uhakiki ya kwetu, inayoonekana kwa macho, ili hata umeme ukikatika mtu wa kalamu awe na cha kujikagulia.

Nigusie upesi yanayoharibu bakodi, kwa sababu nayaona kila wiki. Kubwa kuliko yote ni kukosa weupe pembeni. Kushoto na kulia lazima ziachwe nyuzi 10 tupu kila upande. Kwa uzi wa robo milimita ni milimita mbili na nusu. Mchora lebo anaona pale patupu panakosa uzuri, anaweka fremu au ua, na skana haijui tena maandishi yanaanzia wapi. La pili ni rangi. Skana nyingi za mkononi zinamulika taa nyekundu, na kwa taa nyekundu mstari mwekundu unaonekana mweupe. Nimewahi kuletewa lebo elfu mbili za asali, nzuri kwa macho, bakodi yake nyekundu kwenye karatasi nyeupe. Kwa skana ile karatasi ilikuwa tupu. Nyeusi, bluu ya kuiva au kijani cha kuiva vinafaa. Na ninyi mnaofungasha mchele wa Kyela kwenye mfuko unaoonyesha ndani, pakeni kwanza kiraka cheupe chini ya mistari, vinginevyo punje za mchele ndizo zinazogeuka kuwa nafasi nyeupe.

Kuna jambo la fonti. Kijana anapakua fonti ya Code 128, anaandika namba kwenye kompyuta, anaona mistari, anafurahi. Haisomeki. Fonti inachora tu. Haihesabu alama ya uhakiki wala kuchagua seti. Lazima pawe na programu inayofanya hesabu ile tuliyoifanya ubaoni. Vilevile usiivute picha ya bakodi kwa kona ili ienee. Printa haina nusu doti. Uzi ukitakiwa doti mbili na theluthi, printa itaupa mmoja mbili na mwingine tatu, na hesabu za 11 zinavurugika.

La mwisho katika haya litawaokolea fedha. Urefu wa mistari kwenda juu haubebi habari yoyote. Ni maandishi yaleyale yanarudiwa kutoka juu mpaka chini, akiba ya siku lebo itakapochubuka au kulowa umande wa chumba cha baridi. Sasa, kichwa cha printa kikiungua doti moja, na kwa vumbi letu la kiangazi kinaungua, kinaacha mchirizi mweupe kwenye kila lebo kufuata mwendo wa karatasi. Kama mistari yako inalala sambamba na mwendo huo, mchirizi unaweza kuufuta mstari mmoja mwembamba kutoka juu mpaka chini, na lebo imekufa. Geuza bakodi ikae kama ngazi, mistari ikikingama mwendo wa karatasi, upunguze kasi ya kuchapa kidogo ili kingo zitoke safi. Sasa mchirizi uleule unakata kila mstari mahali pamoja padogo, na skana inasoma pembeni yake bila shida. Kichwa kipya ni ghali. Kuigeuza bakodi kwenye programu ni bure, na msimu utaumaliza salama.

Mama wa unga wa lishe aliniuliza mapema kama anaweza kutumia Code 128 kwenye pakiti zake zinazoenda supamaketi. Mama, kwa mambo ya ndani ya stoo yako, Code 128 ni huru, huombi ruhusa kwa mtu wala hulipi. Lakini kaunta ya duka inataka bakodi nyingine, ya tarakimu 13, na namba zake zinatolewa kwa kusajiliwa GS1 Tanzania, zikianza na 620. Hiyo 620 inasema namba imetolewa hapa. Haisemi bidhaa imelimwa wapi. Usikubali mtu akuuzie namba ya kuokota. Baadaye ukianza kupeleka katoni kwa wanunuzi wakubwa, utakutana tena na Code 128 ikiwa imevaa sare inayoitwa GS1-128. Baada ya alama ya kuanzia inawekwa alama maalumu, namba 102, kisha vifungu vyenye vitambulisho: 01 ni namba ya bidhaa, 17 ni tarehe ya mwisho wa matumizi kwa mwaka, mwezi na siku, 10 ni namba ya toleo. Mistari ni ileile, nyuzi 11, shufwa kwa myeusi, baki la 103.

Nimegawa karatasi na rula, moja kwa kila watu wawili. Juu ya kila karatasi kuna bakodi niliyoikuza mpaka uzi mmoja ukawa milimita mbili, ili macho yasichoke. Inaanza na Seti B. Pale panapokaa alama ya uhakiki nimeacha peupe. Pimeni, tafuteni namba kwenye orodha iliyo nyuma ya karatasi, zidisheni kwa nafasi, gawanyeni kwa 103, halafu chukueni kalamu nyeusi muijaze wenyewe kwa mkono, mistari mitatu. Nina skana hapa mezani imewashwa. Mkishamaliza leteni, tuone kama italia.